Kosa la Fundi Garrod

Clement Garrod alikuwa fundi wa matofali kwa miaka hamsini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele ya kazi yake akasema, "Hapa kapita Garrod." Kama ungemwonea huruma kwa hilo, angekushangaa. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyoitafuta. Fundi wa kutia viraka kwenye jumba la kale, kama alivyofundishwa na baba yake, ni sawa na mwizi wa kuku: akionekana tu, kazi imemshinda.

Jumba lenyewe ni Assingfield, huko Suffolk, nchi isiyo na jiwe hata la kumfukuzia mbwa, ndiyo maana mabwana wa zamani waliamua kuchoma udongo. Lina miaka mia tano. Lina dohani kumi na nne za matofali, zimesokotwa kama nguo inayokamuliwa maji, na moshi hutoka kwenye moja tu, kwa kuwa Bibi Mkubwa Honoria, mwenye jumba, hana kuni za kulisha meko mawili. Lina madirisha themanini na matatu, na upepo haubagui hata moja. Lina ukumbi wa kulishia watu mia, na Bibi Mkubwa hula jikoni kwa kusimama, koti lake limefungwa kiunoni kwa kamba ya katani, mbwa wanne wakimhesabia matonge. Mvua ikinyesha, ndoo kumi na moja hupangwa kwenye ngazi kuu kwa utaratibu anaoujua yeye mwenyewe. Wenyeji huiita hali hiyo ukwasi, na ukikaa nao muda mrefu unajifunza kutobisha.

Kila mwaka, theluji ikishayeyuka, Clement alilizunguka jumba zima akitafuta matofali ambayo baridi imeyamenya uso. Akilipata moja, alilichokoa kwa patasi bila kumgusa jirani yake, akatia jipya la udongo uleule, lililofinyangwa kwa mkono, akalizungushia chokaa aliyoiloweka tangu mwaka uliopita. Kisha alilipaka maziwa yaliyochacha na maji ya samadi ili kuvu lilizoee upesi. Mvua za misimu miwili tu, na tofali jipya lilionekana zee kuliko mtu aliyelitia. Saruji hakutaka hata kuisikia. Saruji, alisema, ni ngumu kuliko tofali lenyewe, na ndoa ambayo mmoja hakubali kukunjika huishia kumvunja mwenzake.

Kwa miaka arobaini Bibi Mkubwa alimsifu mara moja. Ilikuwa mwaka 1984, baada ya kazi ya kiangazi kizima kwenye ukuta wa kusini. Bibi Mkubwa alipelekwa kuiona, akatembea mwanzo hadi mwisho, akarudi, akauliza, "Ni wapi, Garrod?" Clement akamwonyesha. Bibi Mkubwa akatazama kwa muda, akasema, "Si mbaya." Watu wa kule wakikwambia si mbaya, jua umewatoa machozi. Clement alirudi nyumbani akamsimulia mkewe Avril neno kwa neno, na Avril akaoka keki.

Lakini ukuta alioupenda kuliko yote haukuwa wake. Ni ukuta wa mashariki, ule unaopanda na kuchongoka chini ya paa. Aliyeujenga alitaka kuupamba kwa maumbo ya almasi, akitumia matofali meusi, yale yaliyokaa karibu mno na moto wa tanuri. Alianza vizuri. Ila kozi ya chini kabisa, yaani safu ya kwanza ya matofali, aliikosea kwa tofali moja, na kosa la tofali moja, ukipanda nalo futi thelathini, huwa si la tofali moja tena. Almasi zikaanza kusogea upande. Alipoliona, akajaribu kulificha. Akaibana almasi moja, ikatoka na shavu kama mtu anayeumwa jino. Ya juu yake ikafika pembeni ikakosa nafasi, ikakatwa nusu. Hapo, bila shaka, mwenyewe akashuka akaenda kunywa.

Jina la mtu huyo halikuandikwa popote. Clement alimwita Giles. Mle ndani kulikuwa na picha za mabwana kumi na tisa wa Assingfield, wote wamechorwa wakiwa na miguu mizuri na farasi wanaowatii, na wote waongo. Giles peke yake ndiye aliyesema kweli kuhusu siku yake kazini. Clement alimpenda kama ndugu, na hilo hakuona haya kulisema mbele ya mtu yeyote, ingawa mengine yote ya moyoni mwake aliyaonea haya.

Ndipo akaja Daktari Imogen Fairhurst, ofisa mpya wa majengo ya kale wa wilaya. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, buti za matope, kalamu tatu kichwani, tena si mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa na dini moja tu, nayo ni ukweli. Jengo, alisema, lisimdanganye mtu. La zamani lijulikane ni la zamani, na jipya lijulikane ni jipya.

"Kwa hiyo, Bwana Garrod, kuanzia sasa viraka vyako vionekane," alimwambia siku ya kwanza. "Chagua tofali lililopauka kidogo, halafu ulirudishe ndani upana wa kidole."

"Watu waone kiraka?"

"Ndiyo. Huo ndio uaminifu."

"Mimi mke wangu akinishonea suruali," Clement akasema polepole, "hatii kitambaa cha pazia ili watu wajue ilipasuka."

Imogen akacheka, akaandika kitu kwenye daftari. Kisha akasema anataka kuchora ramani ya kuta zote za jumba: nyekundu kwa kazi ya asili, njano kwa kazi zilizofanywa baadaye. "Wewe unaweza kunionyesha ulikopita?" akauliza.

Hapa ndipo Clement alipojiponza. Angesema ndiyo, mambo yangeishia hapo. Badala yake akatazama ncha za viatu vyake, akasema, "Aa, ni vijiraka tu, Daktari. Usijisumbue." Mtu wa kule akijishusha namna hiyo, mshikie fimbo, maana anaringa. Clement alitaka kuona kama mwanamke huyu msomi atavipata.

Hakuvipata. Wiki sita alizunguka na ngazi, kioo cha kukuzia na chupa ya supu. Wiki sita Clement alimchungulia kutoka nyuma ya toroli lake, moyo ukimcheza ngoma. Imogen alipita mbele ya kazi ya mwaka 1968 bila kusimama. Alipofika ukuta wa kusini akaupiga picha, akaugusa kwa kiganja, akamwambia Clement, "Kazi kama hii huipati siku hizi." Siku hiyo Clement alirudi nyumbani akiimba, yeye ambaye hata kanisani hufungua mdomo tu.

"Umemeza nini leo?" Avril akamuuliza.

"Nimekuwa mtu wa miaka mia tano iliyopita."

"Hilo nalijua tangu siku ya harusi. Vua viatu."

Mwezi wa tano ramani ikabandikwa kwenye mgahawa wa jumba, uliokuwa zizi la farasi, ambako Avril huwauzia wageni chai na keki. Clement alikwenda kuitazama kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Karibu kuta zote zilikuwa nyekundu. Viraka vyake vyote, vya baba yake pia, vilikuwa vyekundu kama damu ya wafalme. Njano ilikuwa mahali pamoja tu, ukuta wa mashariki, na chini yake paliandikwa: Ujenzi wa kubahatisha, karne ya ishirini, fundi hakujulikana. Nakshi zimekosewa. Uvunjwe na kujengwa upya kwa mpangilio sahihi. Fundi wa kazi: C. Garrod.

Alisoma mara tatu.

"Wanataka nimvunje Giles," akasema.

"Kaa chini kwanza," Avril akamwambia kutoka nyuma ya meza ya keki.

"Wanataka mimi, Avril. Kwa mkono wangu. Halafu nimsahihishe."

"Nimekusikia. Kaa, unazuia foleni."

Nyuma yake wageni sita walikuwa wamesimama kimya na sinia zao. Kule, mtu akikata roho mbele yako kwenye foleni, unasubiri amalize.

"Si umwambie tu?" Avril akasema baada ya kuwahudumia. "Mwambie nusu ya hiyo nyekundu ni wewe."

"Aliniuliza. Nikasema ni vijiraka."

"Haya basi!" Avril akalitua birika kwa kishindo. "Ulitaka usifiwe bila kuonekana. Si umesifiwa? Sasa unalilia nini?"

"Kamati inakaa Jumatano. Jumatatu ya pili yake niwe nimeanza kubomoa."

"Basi Jumatano ufungue mdomo. Na usiende kuwaambia 'nadhani'. Nakujua mimi."

Jumatano kamati ya jumba ilikutana juu, kwenye ukumbi mrefu wenye mabwana kumi na tisa ukutani. Alikuwepo Bibi Mkubwa na mbwa wake, alikuwepo Imogen na ramani, na mwenyekiti alikuwa Bwana Pettigrew, mstaafu wa bima, mtu aliyezipenda ajenda kuliko wajukuu zake. Walikunywa chai. Walizungumzia mvua robo saa nzima, ile iliyonyesha na ile ambayo ingenyesha. Kisha Clement akaitwa aseme lini yuko tayari kuanza kazi ya ukuta wa mashariki.

Alisimama, kofia mkononi.

"Nadhani," akasema, "ramani si sahihi kabisa."

Kwa mazoea ya kule hayo ni matusi ya nguoni. Lakini kamati ilikuwa ya waungwana, ikajifanya haikuyasikia.

"Ahsante, Garrod, tumelipokea," akasema Bwana Pettigrew. "Kipengele cha tano. Vyoo."

"Mwenyekiti, ramani ni ya uongo."

Kijiko kilianguka sakafuni. Mbwa mmoja akaamka. Biskuti ya Bibi Mkubwa, iliyokuwa imechovywa, ilikatika katikati ya safari ikatumbukia kwenye kikombe, na hakuna aliyethubutu kuitazama.

"Ukuta wa mashariki ndio mkongwe kuliko zote," Clement akaendelea, masikio yakimwaka moto. "Hizo nyekundu zenu, nyingi ni zangu mimi na za marehemu baba. Mnataka kubomoa cha zamani mbakize changu."

Imogen hakukasirika. Heri angekasirika. "Zipi ni zako?" akauliza.

"Ukuta wa kusini. Kiangazi kizima cha mwaka themanini na nne."

"Mimi niko tayari kukosolewa, Bwana Garrod. Twende unionyeshe."

Wakashuka wote, Bwana Pettigrew akiwa na ajenda kwapani. Clement alipewa kipande cha chaki. Alijua vizuri mahali penyewe: kuanzia dirisha la tatu, chini ya mstari wa ghorofa, kwenda kulia kama hatua nane. Akainua mkono aweke alama kwenye tofali la kwanza.

Hakuliona. Alisogea karibu, akarudi nyuma. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Hili? Hapana, hili lina alama ya mguu wa paka aliyelikanyaga likiwa bado bichi, na Clement hakumbuki paka. Hilo? Mwanzoni alifurahi, kusema kweli. Alijisemea moyoni, Garrod, ulikuwa fundi wewe! Kisha jasho likaanza kumtoka mgongoni. Matofali yote yalimtazama kwa uso mmoja, na hakuna hata moja lililomfahamu.

Mwishowe akabahatisha, akatia alama ya chaki kwenye moja.

Imogen akainama, akafungua picha kwenye simu yake. "Hii ilipigwa mwaka 1897," akasema kwa upole. "Hili hapa. Lina ufa huohuo."

Clement akaifuta chaki kwa mkono wa shati.

"Ulinionyesha wakati ule, Garrod," Bibi Mkubwa akasema. "Hata siku ile sikuona kitu. Sikupenda kukwambia."

"Ukuta wa mashariki basi," Clement akasema. "Ukwangue. Ni chokaa tupu mle ndani."

"Wewe nawe hutumia chokaa tupu. Baba yako vilevile. Chokaa haithibitishi kitu." Imogen akafunga daftari. Alimhurumia, ilionekana wazi. "Sikubahatisha, Bwana Garrod. Nilitafuta mahali pamoja katika jumba hili ambapo hapajaguswa na fundi yeyote wa baadaye. Nikapima kozi zake, unene wa viungo vya chokaa, mkono wa mtu mwenyewe. Halafu kuta zote nikazilinganisha na pale. Ukuta wa mashariki haufanani napo kwa lolote."

"Wapi hapo?"

"Nyuma ya jiko. Nilipenya kwa shida. Pale penye mpeasi."

Clement akaitia chaki mfukoni.

Pale alipajua. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1979 baba yake alikuwa kitandani hospitalini mjini, akiondoka kwa ugonjwa wa kifua. Wiki hiyohiyo ukuta wa nyuma ya jiko ukaanguka, ukaacha tundu la kupitisha ng'ombe, na Bibi Mkubwa alikuwa na wageni wa Jumamosi. Clement aliuziba kwa siku mbili, mikono ikiwa huku na akili ikiwa kule. Hakushika pima maji. Chokaa ilipomwishia, akachanganya saruji ya kumwagia sakafu ya banda la kuku, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, akaifunika kwa juu kwa chokaa nyembamba ili isionekane. Kozi zilibonyea katikati kama godoro la wageni. Ijumaa akaenda hospitalini. Baba yake akamuuliza, "Ukuta umeupigia timazi?" Akasema ndiyo. Mzee akafa Jumapili akiamini hivyo.

Majira ya kuchipua yalipofika, Clement alipanda mpeasi mbele ya ukuta ule. Akaufunga kwa waya, tawi moja baada ya jingine, wima na ubavu, jinsi watu wa kule wanavyopenda kuisulubisha miti, hata ukuta ukafunikwa wote. Kwa miaka arobaini hakumwambia mtu. Avril mwenyewe hakujua. Kila mwaka Avril alipika jamu ya mapeasi yale, na kila mwaka Clement alisema yeye hapendi mapeasi.

Sasa akinyamaza, Giles anakufa Jumatatu, tena kwa kuhukumiwa kwa mizani ya uongo ambayo Clement ndiye aliyeitengeneza. Akisema, kamati nzima na mbwa wanne wataona kitu pekee alichomficha baba yake. Mficha uchi hazai, ndiyo, lakini Clement alikuwa ameuficha wake kwa mti, na mti ulizaa kila mwaka. Alisimama pale akikunjakunja kofia yake. Alitamani mvua inyeshe, na siku hiyo, kwa ukaidi tu, haikunyesha.

"Twendeni kwenye mpeasi," akasema.

Waya aliukata mwenyewe. Matawi yaliachia moja moja, yakainama mbele, na mwanga ukaupiga ukuta kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Ulikuwa mbaya kuliko alivyoukumbuka. Avril, aliyeona msafara ukipita mlangoni pa mgahawa, alikuwa amefika na aproni yake kiunoni.

"Huu ni wangu," Clement akasema. "Nimeujenga mimi. Novemba, mwaka sabini na tisa."

Imogen akatabasamu kwa huzuni. "Bwana Garrod, wewe huwezi kujenga hivi. Hebu tazama ulegevu wa mkono huu, uhuru wake! Mtu huyu hakuwa hata na pima maji."

"Alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye gari."

"Hii ni akili ya watu wa zama zile, waliojenga kwa..."

"Ni mimi!" Clement akapaza sauti. "Si zama wala nini. Ni kazi ya ovyo, Daktari. Baba alikuwa anakufa nami nikafanya kazi ya ovyo, na nikamwambia uongo."

Machozi yakamtoka. Papo hapo kamati nzima ikageuka kutazama mawingu, na Bwana Pettigrew akasema kwamba huenda alasiri kukawa na upepo kidogo. Avril peke yake ndiye aliyebaki akimtazama mumewe. Alimsogelea akasimama karibu naye, bega kwa bega.

Clement akatoa ufunguo wa gari, akakwangua kiungo kimoja. Ngozi nyembamba ya chokaa ikabanduka. Chini yake palikuwa pa kijivu, pagumu, pakavu. Imogen akaweka kidole. Akajaribu kwa ukucha, ukucha ukakunjika.

"Saruji," akasema.

"Ya banda la kuku."

Na hapa mtu aseme haki ya mwanamke yule: dini yake ilikuwa ya kweli. Wengine wangetafuta namna ya kusema kwamba wazee wa zamani walikuwa na saruji yao ya siri. Imogen alikwenda moja kwa moja mgahawani, akaibandua ramani, akaichana mbele ya wanywa chai, akaanza upya. Safari hii Clement alimsaidia kadiri kumbukumbu ilivyomruhusu. Mwezi wa tisa ukuta wa mashariki uliandikwa: Asili. Usiguswe. Giles akapona, na shavu lake.

Mambo yangeishia hapo kama Assingfield isingekuwa Assingfield. Katika jumba lile lote, lenye matofali yasiyohesabika, ilibainika kwamba ni ukuta mmoja tu ambao jina la fundi, mwezi na mwaka vinajulikana kwa hakika, pamoja na hali yake ya moyo siku ya kazi. Kitu adimu hicho. Kibao kikasimamishwa nyuma ya jiko: Kazi ya fundi Clement Garrod, Novemba 1979. Wanafunzi wa vyuo wakaanza kuja na penseli. Wageni wakaacha ukumbi, wakaacha dohani, wakaacha almasi za Giles, wakaenda kupanga foleni nyuma ya jiko kuutazama ukuta uliobonyea. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hiki kilikaa palepale na watu wakalipa kiingilio wakifuate.

"Ndiye huyu?" mama mmoja alimnong'oneza mumewe mbele ya mgahawa, akimwonyesha Clement kwa kidole cha siri. "Yule aliyeupinda?"

Clement alikuwa na miaka sabini na mmoja, na aliona muda wa kuweka mwiko chini umefika. Alikuwa na ombi moja tu. Aliandika kwa wilaya, kwa mwandiko wake wa shule, akiomba ruhusa ya kuubomoa ule ukuta wa nyuma ya jiko na kuujenga upya: kwa chokaa, kwa timazi, kwa gharama zake, wiki mbili tu. Aliandika kwamba ni jambo kati yake na marehemu baba.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kurasa mbili, limetiwa saini na Imogen kwa masikitiko yasiyo na unafiki. Ukuta huo sasa umeingizwa kwenye orodha ya vitu vinavyolindwa. Kuondoa hata tofali moja ni kosa la jinai. Thamani yake yote, barua ilieleza, iko kwenye dosari zake, na kuzirekebisha ni kuiharibu historia. Mwisho ofisi ilipenda kumkumbusha, bila nia ya kumshtaki, kwamba hata ule mpeasi ulipaswa kuombewa kibali kabla ya kukatwa waya.

Alimpelekea Avril barua mgahawani, saa za mchana wageni walipopungua, akakaa kwenye meza ya dirishani.

"Hawataki," akasema.

Avril akaisoma yote akiwa amesimama. Alipofika kwenye mpeasi, akaanza kucheka, akacheka hadi akashika meza. "Ee Mungu wangu. Umetiwa kwenye makumbusho na bado unakula kwangu."

"Si cha kucheka, Avril. Nikifa, ule ndio utabaki. Miaka hamsini na sita, na watakaotazama watatazama ule."

Kicheko kikamwisha Avril. Alikunja barua, akairudisha kwenye bahasha, akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Clem," akasema. "Na Giles wako, ulimwuliza?"

"Nimwulize nini?"

"Kama naye alitaka uachwe vile. Miaka mia tano maskini wa Mungu yuko kule juu, kila apitaye anamnyooshea kidole. Huenda naye aliomba siku mbili arudie. Huenda bwana alimwambia acha hivyohivyo, Jumamosi nina wageni."

Kutoka pale dirishani ukuta wa mashariki huonekana wote, almasi yenye shavu na ile iliyokatwa nusu. Clement alinyanyuka, akakigeuza kiti chake taratibu, akakaa akiwa ameupa mgongo.